Sahani mbili za DOOM

Santuri yangu ya Madvillainy, albamu ya hip-hop ya 2004 ya rapa MF DOOM na mtayarishaji wa midundo Madlib, imefika jana, kona ya jalada imekunjika kama sikio la mbuzi. Ile barakoa ya chuma ya DOOM pale jaladani na kale kamraba ka rangi ya chungwa vimesalimika, afadhali. Ndani nimekuta mfuko wa karatasi ngumu, wa kukwaruza tu. Nimeutoa, nikaweka wa plastiki laini.

Sauti sasa! Dakika kama 46 kwenye sahani mbili: mifereji ina nafasi, besi inashuka mpaka vikombe kabatini vinalia. Wangezibana kwenye sahani moja, ingebidi wapunguze sauti. Na ile michakacho? Mingi imetoka kwenye santuri kuukuu ambamo Madlib alichota vipande vya kutengenezea midundo. Mimi nimeshasafisha sindano mara tatu, bure.