"Mbuzi wanakula?"

Tangu Jumapili neno la mama linanizunguka kichwani. Nilimtumia picha ya lile ua la manjano lililoota kwenye kokoto kandokando ya maegesho, mahali ambapo sijaona mtu akimwaga hata kikombe cha maji. Nikaandika, "Mama, ona jangwa la Arizona lilivyochanua." Akapiga papo hapo.

"Mbuzi wanakula?"

"Hapana mama, lina sumu. Linaua mbuzi na kondoo."

"Sasa unalipigia picha la nini?" Akahamia kwenye mahari ya Rehema.

Wiki hii Baraka kapata leseni, bibi wa chumba cha kona kazini ametutoka, kanisani kaja mchungaji mpya. Mimi bado niko na "la nini". Nimelijibu nikiosha vyombo, nimelijibu kwenye basi. Mama, ungelishika jani lake! Lina manyoya meupe, laini kama sikio la ndama, na hayo manyoya ndiyo yanayolikinga na jua na kulihifadhia maji. Kila ua lina kikonyo chake kirefu, kitupu. Likichoka halipukutishi petali. Zinapauka, zinakauka zikining'inia palepale. Linachanua kuanzia machipuko, na mvua za Julai zikinyesha linaanza upya. Mmea wenyewe hauishi miaka mingi, ila mbegu zake zinajiotea tu. Wataalamu wanauita Baileya multiradiata. Umezagaa majangwa ya Sonora, Mojave na Chihuahua, hadi Meksiko.

Hotuba yote hiyo nimwambie mama wa Kongwa, aliyeona zizi likiisha kwa ukame!

Jana usiku nikasoma vizuri habari za ile sumu, nikacheka peke yangu jikoni. Kumbe kondoo wa huku wamekufa zaidi pale malisho yalipochungiwa kupita kiasi: nyasi zimekwisha, kimebaki hiki. Mnyama mwenye njaa hachagui. Yaani mama, bila kuliona jangwa lenyewe, aliuliza kile kile ambacho mfugaji wa Arizona angeuliza kwanza. Nikamsamehe, ingawa hajui kama alinikosea.

Hata hivyo nataka aseme ni zuri. Mara moja tu. Kesho nitampigia picha ya jani kwa karibu, manyoya yaonekane, nione atakwepea wapi.

Kiyoyozi nacho kimeanza kukoroma usiku, mwenye nyumba hapokei simu, na Juni ndiyo hiyo inabisha hodi.