Kwenda Tromsø Jua Likiwa Linaaga

Kwetu Tanga, Novemba ndio mwezi ambao kaskazi huanza kushika, mvua za vuli zikawa zinanyesha na kukatika, na usiku mtu akalala madirisha wazi akitafuta upepo. Mwaka huu, Mungu akipenda, mwezi huohuo nitakuwa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, ambako mdogo wangu anasomea shahada yake ya uzamili. Nimekuwa nikiipanga safari hii tangu Machi, na kwa kuwa kila ninayemweleza hunijibu kwa kunishika paji la uso kana kwamba nina homa, nimeona niandike kwa utaratibu jinsi nilivyofikia uamuzi huu.

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni kwa nini nisingoje kiangazi chao. Kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi wiki ya tatu ya Julai, jua la Tromsø halizami kabisa, na wageni humiminika. Mimi sikuvutiwa. Jua tunalo, tena la kutosha na kubaki. Nilichotaka kukiona ni mahali ambapo linaondoka. Tromsø ipo zaidi ya nyuzi 69 kaskazini ya Ikweta, na kuanzia karibu tarehe 27 Novemba hadi katikati ya Januari jua halipandi juu ya upeo wa macho hata kidogo. Kwa kuwa mji umezungukwa na milima, wenyeji huhesabu kwamba jua limewaaga mapema zaidi, tarehe 21 Novemba, na humngoja mgeni huyo hadi tarehe 21 Januari, siku ambayo huadhimishwa kwa kula maandazi ya jamu. Nimechagua kufika tarehe 18 na kuondoka tarehe 30 ili niyashuhudie yote mawili: siku za mwisho zenye jua linalotambaa juu ya upeo kwa muda usiozidi saa nne, na kisha siku zisizo na jua lolote. Ningekwenda mwishoni mwa Desemba ningekuta tayari kumekwisha kuwa hivyo, kama mtu anayefika msibani baada ya maziko.

Jambo lililonishughulisha kuliko viza na nauli ni saa. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa zetu kwa jua: likichomoza, saa kumi na mbili imetimia, na baada ya hapo ni saa moja, bila ubishi, mwaka mzima. Hesabu hiyo ni ya watu waliokaa karibu na Ikweta, na ni hesabu yenye akili. Mdogo wangu anasema kwamba majira ya baridi ya kwanza aliendelea kusema “saa moja asubuhi” kwa mazoea, akitazama dirisha jeusi kama la usiku wa manane, mpaka akajiona anadanganya. Mchana wao wa wakati huo ni weupe hafifu wa rangi ya samawati unaodumu saa nne au tano, na utosi wake, kwa sababu ya mahali mji ulipo katika ukanda wake wa saa, hufika kama saa tano na nusu badala ya saa sita. Kuhusu sala, ambayo kwetu muadhini huitangaza kwa kufuata jua hilohilo, wanazuoni wametofautiana: wapo wanaosema zifuatwe nyakati za mji wa karibu ambao bado una mchana na usiku, na wapo wanaosema zifuatwe nyakati za Makka. Mdogo wangu hufuata ratiba ya msikiti wa huko, nami nitamfuata yeye. Mama yetu, kwa upande wake, bado hajaridhika na jibu lolote kati ya hayo.

Baridi yenyewe si ya kutisha kama jina la kaskazini linavyotisha. Mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki hupita kando ya pwani ya Norwei, hivyo wastani wa Januari mjini Tromsø ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, na Novemba huchezea jirani na sifuri. Bara ndiko kwenye adhabu: Karasjok, katika kaskazini hiyohiyo, ilipata kupimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri mwaka 1886. Shida ya Tromsø ya Novemba ni theluji inayoyeyuka, ikanyeshewa, kisha ikaganda usiku na kuwa kioo barabarani. Ndiyo maana mdogo wangu ameniambia nisihangaike sana na koti, nihangaike na miguu: buti lenye nafasi ya soksi mbili, na vyuma vyenye meno vya kuvalisha chini ya soli, ambavyo nitavinunua hukohuko.

Koti hata hivyo nimelipata, na nimelipata Moshi, katika soko la mitumba la Memorial. Makoti ya theluji hufungwa katika marobota pamoja na nguo nyingine, na wanunuzi wake huku kwetu ni wapanda mlima na waendesha bodaboda. Langu linaonekana lilianzia Ulaya, nami ninalirudisha. Ndani yake nitavaa fulana ya sufu inayobana mwili, kisha sweta. Pamba haifai, kwa sababu ikilowa jasho hukaa na unyevu na kukugandisha. Mtandio wangu wa kichwani nao utakuwa wa sufu.

Viza ni ya Schengen, yaani mkataba wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwani Norwei imo katika mkataba huo ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukitokea nje ya nchi na kuunganisha ndege Oslo, kwa kawaida unatakiwa kuuchukua mzigo wako, upite forodhani, kisha uukabidhi upya. Kwa hiyo nimeacha nafasi ya saa tatu na nusu. Nyama haiingizwi kutoka kwetu, na habari hiyo imemuumiza mama, ambaye alikwisha kuikausha.

Kuhusu ule mwanga wa kijani unaocheza angani, sijiwekei ahadi. Tromsø ipo chini ya ukanda ambamo chembe kutoka kwenye jua huigonga hewa ya juu, na oksijeni ikatoa rangi, kwa hiyo mwanga upo mara nyingi. Kinachouficha ni mawingu ya pwani. Waongozaji huwapakia wageni kwenye mabasi madogo na kuyakimbia mawingu hayo, wakati mwingine hadi mpaka wa Ufini, hivyo pasipoti itakaa mfukoni. Nimetenga usiku nne kwa kazi hiyo, na simu nitaiweka karibu na kifua kwa kuwa betri hufa haraka kwenye baridi.

Lililobaki ni nyangumi. Kuanzia Novemba huwafuata samaki aina ya heringi hadi kwenye maji ya Skjervøy, na boti za kutoka Tromsø huchukua saa kadhaa kuwafikia. Mimi nilitapika njia nzima kutoka Tanga hadi Pemba katika bahari ambayo nahodha aliiita shwari. Nimemwambia mdogo wangu asilipie nafasi yoyote mpaka nifike, niyatazame mawimbi yao kwanza.