Kile kitufe sikumwambia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Samahani tafakari imechelewa, ilitakiwa iwafikie Jumatatu na leo ni Alhamisi, lakini wiki hii nilikuwa nagombana na Mungu na kwenye ugomvi wenyewe mi ndo mwenye makosa, sasa ningeandika nini.

Niseme tu. Mnajua kwaya yetu hapa Kansas City nimeifundisha miaka 14, toka tunasali sebuleni kwa watu na kinanda tunakiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Mwezi uliopita wazee wameleta kijana wa miaka 23, anapiga kinanda balaa, na tangazo likasomwa pale mbele kwamba "atamsaidia mwalimu". Atamsaidia! Mtu mzima ukisikia neno hilo unajua safari imeiva, nikapiga makofi pamoja na wengine na huku tumbo limenikaza.

Jumapili iliyopita ndo alikuwa peke yake mara ya kwanza. Sasa kile kinanda kina kitufe cha kupandisha sauti, na mimi huwa nakiacha kimepandishwa plasi mbili, ukibonyeza C inatoka D, manake vidole vyangu vimezoea C na waimbaji wanataka D, na kile kioo kidogo cha kuonyesha namba kilishakufa siku nyingi, usipoambiwa huwezi kujua. Nilikuwa nimekaa benchi ya pili. Nilimwona anakaa, anakunja mikono ya shati, anaweka vidole kwenye D safi kabisa, na mi najua inatoka E. Ningeweza kunyanyuka. Ni hatua nne tu kufika pale. Nikafungua Biblia nikajifanya natafuta andiko. Wimbo ukaanza huko juu, soprano wakapiga kelele, tena wakanyamaza wote, kijana anatoka jasho anamwangalia kila mtu, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia utamu.

Nyumbani mwanangu hakusema kitu mpaka tumemaliza kula. Yuko haiskuli, mambo ya Chiefs, timu ya mpira ya hapa kwetu, ndo maisha yake. Akaniambia, "Baba samahani, usikasirike, ila leo ulikuwa kama Favre." Nikamuuliza Favre ndo nani. Basi akanikalisha, na toka siku hiyo sijapata amani.

Kwa ambao hamfuatilii mpira wao huu wa Kimarekani (mi mwenyewe miaka mingi nilikuwa nauona ugomvi tu wa watu waliovaa helmeti), kuna mtu anaitwa kwotabeki, ndo anashika mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe kwa nani, timu nzima inamtegemea. Na kila mwaka mwezi wa nne kuna drafti, timu zinachagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu. Sasa mwaka 2005 timu ya Green Bay walikuwa na Brett Favre, miaka 35, mfalme wa pale, na wakatumia zamu yao ya kwanza kumchukua kijana Aaron Rodgers ambaye naye ni kwotabeki. Favre akasema mkataba wake haujaandika popote kwamba amwandae Rodgers. Na kweli haukuandika. Hata mimi hakuna karatasi iliyoniandikia nimwambie mtu habari ya plasi mbili.

Rodgers akakaa benchi misimu mitatu, 2008 akapewa timu, akaja kuchukua Super Bowl, ndo fainali kuu ya ligi yao. Alafu ona maisha, mwaka 2020 Green Bay hao hao wakapanda kwenye zamu ya 26 wakamchukua Jordan Love, na Rodgers sasa ndo ana miaka 36. Mwenyewe alisimulia usiku ule alijimiminia tekila, wapendwa hapo kwenye tekila mi sipo, ila uchungu wake naujua. Hasira ile akaigeuza kazi, akawa mchezaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo. Wengi wetu tungesema amewajibu. Lakini kumjibu aliyekudharau sio ndo umemsaidia anayekuja, ni vitu viwili.

Aliyenipiga mimi ni Alex Smith. Huyu drafti ile ile ya 2005 ndo alichaguliwa wa kwanza kabisa, na timu ya San Francisco, wakati Rodgers anasubiri mpaka wa 24. Mwaka 2012 akaumia kichwa, kijana Kaepernick akashika nafasi yake na hakuirudisha tena, timu ikafika Super Bowl na Smith yuko benchi anaangalia. Akahamia hapa kwetu Kansas City 2013, timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 2 tu msimu mzima, akaiinua. Alafu Aprili 2017 Chiefs wakalipa gharama kubwa kwa timu ya Buffalo wapande kutoka nafasi ya 27 mpaka ya 10, wamchukue kijana wa miaka 21, Patrick Mahomes. Yaani mtu yule yule, kidonda kile kile, mara ya pili.

Na Smith akamfungulia mlango. Mahomes mwenyewe ameshasema hadharani mara nyingi kwamba alijifunza kwa Smith namna ya kujiandaa wiki nzima kabla ya mechi. Na huku msimu huo huo Smith anacheza mpira bora kuliko wakati wowote, pasi 26 za kufunga na 5 tu zilizonaswa na wapinzani. Msimu ukaisha wakamuuza timu ya Washington. Huko Novemba 2018 mguu ukavunjika vibaya, ukaingia maambukizi, operesheni 17. Na Februari 2020 Mahomes anainua Super Bowl, tena mbele ya San Francisco, Smith yuko bado anahangaika na ule mguu.

Hapo nyie mnaopenda mahubiri ya panda leo uvune kesho mtakwama kidogo. Alipanda, mavuno akala mwingine, jiji zima hili lilivaa nyekundu likaingia barabarani na yeye hayupo.

Nikakumbuka Musa. Tunapenda kusoma Yoshua sura ya kwanza, uwe hodari na moyo wa ushujaa, sijui tumeweka mpaka kwenye kalenda. Ila rudi Kumbukumbu la Torati 3. Mzee Musa anamsihi Mungu, niache nivuke niione ile nchi nzuri, na Mungu anamkatiza, inatosha, usiniambie tena habari hii. Halafu bila hata kumpa nafasi ya kufuta machozi anamwambia kamtie Yoshua moyo, umtie nguvu, maana yeye ndo atavuka. Wapendwa hebu kaeni hapo. Mungu angeweza kumtuma malaika akamtie Yoshua moyo. Akamtuma yule yule aliyenyimwa. Na Hesabu 27 ameambiwa amwekee mkono wake, tena sehemu ya heshima yake aiweke juu ya kijana, mbele ya mkutano wote, watu waone. Mbele ya watu jamani! Mi nilifungua Biblia mbele ya watu kumkwepa kijana, na andiko lenyewe limo humo humo.

Kwa hiyo we uliyeletewa kijana kazini ukaambiwa umfundishe, we dada unayeona wifi mpya anaanza kuulizwa mambo uliyokuwa unaulizwa wewe, usinitumie meseji ya kunipa pole. Kuna kitu unakijua wewe peke yako, na umekikalia. Mwambie leo.

Ila na nyie wazee wa kanisa sitawaacha. Mwaka 2024 timu ya Atlanta walimsaini kwotabeki Kirk Cousins, ndugu mwamini asiyeficha imani yake, mkataba wa dola milioni 180, na wiki chache baadaye wakachagua kwotabeki mwingine, yeye anaambiwa wakati zamu yao ya kuchagua imeshafika. Musa aliambiwa mapema, na yeye mwenyewe ndo aliyeomba aletwe wa kumrithi ili watu wasiwe kondoo wasio na mchungaji. Mimi nilisikia kwenye matangazo, katikati ya sadaka na msiba. Mngeniita chai tu.

Basi. Jana ilikuwa mazoezi. Nilifika mapema, nikamkuta anafuta vumbi kinanda, akanyanyuka akaniambia shikamoo mwalimu, samahani kwa Jumapili niliharibu. Marahaba ikanikwama kooni. Nikamwonyesha kile kitufe, nikamwambia kimekaa plasi mbili miaka yote na nilijua. Nikasema, nilijua, nimekaa pale nikakuangalia. Alinyamaza muda mrefu, anakibonyeza kile kitufe anakirudisha, anakibonyeza anakirudisha. Mwisho akauliza, mwalimu, na zile pedali, kuna kitu?

Kipo. Ya kulia inakwama siku za baridi.