Ubeti Uliotunzwa

Kisomo cha arobaini ya shangazi kimekaribia, na binamu yangu amenitwisha kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kabla ya chakula, kwa hoja kwamba mimi ndiye niliyembebea begi la nguo miaka ile. Kuzaliwa, kuolewa na watoto havikunisumbua. Nimekwama kwenye kazi ya marehemu, kwa sababu kila ninapoandika moja naona nimezifuta nyingine, na wazee wa ukoo nao wameshaanza kunitumia mapendekezo, mmoja wao akitaka niandike kwamba alikuwa mtumishi wa umma, nukta.

Si uongo, maana ndivyo alivyoanza. Katika miaka ya 1970, mashirika ya umma, majeshi na viwanda vilipokuwa na vikundi vyao vya utamaduni, shangazi aliajiriwa na shirika moja kwa cheo cha karani, lakini mashine ya kupigia chapa aliigusa kwa nadra. Kazi yake ilikuwa kucheza sindimba na lizombe siku za Mei Mosi na Saba Saba, na kuwapokea wageni wa serikali uwanja wa ndege. Baadaye akawa mwitikiaji katika bendi ya dansi, akaacha kwa kuchoshwa na mishahara ya ahadi. Akaigiza redioni, ambako akiwa bado msichana alipewa sehemu za vikongwe, kwa kuwa sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ambao watayarishaji waliupenda. Mashirika yalipobanwa katika miaka ya 1980 na vikundi vyao vikaanza kufa, alihamia vikundi vya watu binafsi, na huko ndiko alikoingia kwenye taarab, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Miaka ya mwisho aliimba harusini, akafunda mabinti, na sauti yake ikasikika kwenye tangazo la sabuni, ambalo nadhani ndilo lililomlipa vizuri kuliko yote yaliyotangulia.

Lakini nikiambiwa nimweleze kwa tukio moja, nitausimulia usiku wa katikati ya miaka ya 1990, katika ukumbi wa baa moja ya Magomeni, ingawa najua wazi kwamba hautasomwa kwenye kisomo.

Anayeikumbuka Dar es Salaam ya wakati ule anakumbuka ushindani wa vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre, yaani TOT. Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club ya Zanzibar, alikuwa TOT. Nasma Khamis alikuwa Muungano. Na mashabiki wao walitambiana kama wa Simba na Yanga. Kikundi cha shangazi kilikuwa kidogo na hakikuwa na ubavu wa kusimama na hao, ila kilifuata mtindo uleule. Onyesho lilifunguliwa alasiri kwa ngoma, zikafuata sarakasi, sanaa ambayo vijana wetu wa kwanza walipelekwa China kuisomea katika miaka ya 1960, kisha vichekesho, igizo, dansi kidogo ya kuwapumzisha watu, na taarab ikawekwa mwisho kabisa ili mtu asiondoke mapema. Vikundi vikubwa viliweza kumlipa mwimbaji aimbe tu. Kwetu, aliyecheza ngoma saa kumi ndiye aliyechekesha magharibi, na ndiye aliyeshika kipaza sauti saa nne usiku.

Chumba cha kuvalia kilikuwa stoo ya kreti za bia. Usiku huo shangazi alitoka kwenye kichekesho akiwa na mto wa tumbo uliofungwa kwa kanga, meno mawili ya mbele yamepakwa masizi ili aonekane kibogoyo, na masharubu ya mkaa. Igizo lilikuwa limefutwa kwa kuwa mhusika mkuu hakutokea, hivyo muda wa kubadili ukabaki wa nyimbo mbili za dansi. Aliutupa mto, akasugua meno kwa ncha ya kanga iliyoloweshwa maji, akanigeuzia mgongo nimfunge gauni, huku midomo imebana pini na vidole vyake vinahesabu kwenye paja beti za wimbo ambao kikundi kilikuwa hakijauimba mbele ya watu. Mkaa haukutoka wote. Aliufunika kwa poda, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki kilichotundikwa msumarini, akaona inatosha.

Wanaohudhuria taarab wanajua kwamba haisikilizwi kwa kutulia kitini. Mwanamke huusubiri ubeti unaosema lililo moyoni mwake, huinuka, hucheza polepole hadi mbele na noti mkononi, na kabla ya kumtunza mwimbaji humwelekezea jicho au kidole yule anayetaka salamu zimfikie, ambaye kwa kawaida wakati huo anatafuta kitu mkobani kisichokuwamo. Mwimbaji hana ugomvi na mtu. Anachodaiwa ni kuurudia ubeti uliotunzwa. Wapo wanaosema mambo haya yaliletwa na vinanda vya umeme, nami siwakubalii. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, alikuwa ameshaziimba habari za mitaa ya Unguja na wenye habari zao wakiwa hai.

Mwanamke aliyeinuka usiku ule nilimfahamu. Alikuwa mke mkubwa wa bwana aliyemwoa shangazi muda si mrefu kabla ya hapo, na hakuwa amewahi kuonekana katika maonyesho yetu. Alikuja amependeza kuliko sisi tuliokuwa jukwaani. Ubeti wa kwanza ulimpita ameketi, wa pili ukampita, na shangazi alipofika kwenye mshororo wa "Cha kuokota si chako, mwenyewe yupo yuaja", bibi yule akasogeza kiti nyuma, akaanza kuja.

Alipofika mbele hakugeuka kumtafuta mtu. Alisimama uso kwa uso na shangazi, akainua noti ya shilingi 500 hadi usawa wa macho, akaichezesha kwa mapigo ya muziki, kisha kidole chake kikanyooka bila haraka na kumgusa kifuani mwimbaji mwenyewe. Vigelegele vilianza meza za nyuma, vikakatika, vikaanza upya baada ya waliojua kuwanong'oneza wasiojua. Mpiga besi alimtazama kiongozi wa kikundi, na kiongozi ghafla akawa na shughuli kubwa na nyaya za spika. Shangazi aliipokea noti kwa mikono miwili, akapiga goti dogo la shukrani, akaurudia ubeti.

Nilikuwa pembeni mwa spika na kopo la poda mkononi. Jasho lilikuwa limeanza kuiosha ile niliyompaka, na masharubu ya mkaa yalikuwa yakirudi kidogo kidogo juu ya mdomo uliokuwa ukijisuta mbele ya watu. Aliuimba vizuri kuliko mara ya kwanza. Hakulimeza neno wala kulipitisha haraka. Alipofika kwenye "mwenyewe" aliivuta sauti hadi mpiga kinanda akalazimika kumsubiri, na mkono wake ukafunguka kuelekea kwa mke mwenzake, kana kwamba anamtambulisha mgeni wa heshima kwa ukumbi mzima. Bibi akatoa noti nyingine. Ubeti ukarudiwa tena. Noti iliyofuata, nina hakika, ilitolewa na mtu asiyehusika kabisa, ambaye aliupenda wimbo tu.

Tangu wakati huo nimesikia tafsiri za kila aina. Kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilikuwa nikisimulia kwamba ile ilikuwa heshima ya kazi, kwamba anayeishi kwa kutunzwa hana haki ya kuchagua anayemtunza. Binamu yangu, ambaye ni mwanawe, anaona ni ujeuri mtupu, na anakumbuka kwamba mama yake aliuimba wimbo huo nyumbani wiki nzima akifua. Kuna nyakati nafikiri wote wawili tunamtazama mwimbaji wakati aliyekuwa pale jukwaani ni mwigizaji: aliyezoea kuwa kikongwe redioni na mwanamume mwenye kitambi magharibi alipewa sehemu ya mwizi saa nne usiku, akaicheza kwa sababu ilikuwa sehemu nzuri. Ndoa yenyewe haikufika mbali. Sijui kama usiku ule ulichangia, na hao wake wawili baadaye nilikuja kuwaona wamekaa jamvi moja msibani, wakimenya vitunguu na kumsema mtu wa tatu.

Onyesho lilimalizika karibu saa saba. Tunzo zote zilimwagwa kwenye kapu, zikahesabiwa na kugawanywa. Niliikodolea macho ile noti ya kwanza nione kama ataitenga, lakini ilichanganyika na nyingine mbele ya macho yangu. Tulipanda teksi pamoja na mpiga tabla aliyekuwa amesinzia. Nilikusanya ujasiri tukiwa tumeshaingia Jangwani.

"Shangazi, hukuumia?"

Alikaa kimya kitambo, akiikwangua rangi ya kucha kwa kidole gumba.

"Umemsikia yule wa kinanda?" akasema. "Kila kiitikio anaingia mapema. Kesho kabla ya mazoezi lazima nimseme."