Kazan, kwa Lobachevsky

Treni ya usiku kutoka Moscow ilinishusha Kazan asubuhi, baridi inang'ata masikio. Mpwa wangu, anayesomea udaktari huko, alinipokea na kofia ya manyoya mkononi. "Shikamoo, mjomba. Vaa hii kwanza."

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kila mwaka nawafundisha watoto kuwa pembe za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Nilitaka kuuona mji wa mtu aliyesema si lazima iwe hivyo. Februari 1826, katika chuo kikuu cha hapa, Nikolai Lobachevsky aliwasomea wenzake jiometri ambamo pembetatu haifikishi 180, na kupitia nukta iliyo nje ya mstari hupita mistari mingi isiyokutana nao kamwe. (Wapo wanaodai eti alikutanisha mistari sambamba. Kinyume chake kabisa!) St. Petersburg, mwanahisabati mashuhuri Ostrogradsky aliisoma kazi hiyo akaiponda.

Chuo ni jengo jeupe lenye safu ya nguzo, na mbele yake uwanja wa mviringo ambao wanafunzi huuita "kikaango". Nikaanza kuchora mistari kwenye theluji kwa kidole cha glavu. Mpwa wangu wala hakutazama.

"Mjomba, hujasikia ya kipindupindu?"

Kumbe Lobachevsky alikuwa mkuu wa chuo hiki tangu 1827 hadi 1846. Kipindupindu kilipoingia Kazan 1830, aliwakusanya walimu, wanafunzi na familia zao ndani ya chuo, akafunga malango. Waliokufa humo walikuwa wachache mno wakilinganishwa na mjini.

"Na kijidudu chake hakuna aliyekuwa anakijua," kijana akasema, macho yakimng'aa kuliko nilivyowahi kuyaona darasani kwangu.

Njiani tulipita duka la vitabu. Kitabu kwa Kitatari, lugha ya Watatari wa hapa, ni *kitap*, dunia ni *dönya*. Wao nao wamechota Kiarabu. Nikajisikia nyumbani kidogo, miguu ikiwa imekufa ganzi.

Makaburi ya Arskoe yalikuwa kimya. Mzee Lobachevsky alizikwa hapa 1856, akiwa kipofu. Kitabu chake cha mwisho alikitoa kwa kuwatajia wengine waandike. Mpwa wangu akalipangusa theluji jiwe lake.

"Mbona hukutuambia habari zake kidato cha kwanza?"

Nikamwambia twende tukatafute chai.