Dole gumba kwenye fomu ya tuzo

Juzi dada yangu, yule wa Ohio, alikuwa anahama nyumba. Nyuma ya kabati akaikuta medali ya mwanawe, akaipiga picha na kuiweka kwenye grupu la familia. Watu wakamimina makofi na mioyo. Mimi niliikuza ile picha nikabaki naitazama mpaka chai ikapoa, kwa sababu imeniamshia jambo la Tongoni, kijiji cha pwani karibu na mji wa Tanga, ambalo sijawahi kulisimulia lote.

Tuzo aliyopata mpwa wangu mwaka 2018 ni ile ya Rais wa Marekani kwa wanaojitolea, iliyoanza kutolewa 2003. Wakati ule ngazi zake zilipandwa kwa saa za kujitolea. Kijana wa miaka 16 hadi 25 aliyefikisha saa 100 ndani ya miezi 12 alipata ya shaba, aliyefika 175 alipata ya fedha, na 250 ndiyo ilikuwa dhahabu. Wadogo zaidi, wa miaka 11 hadi 15, walianzia saa 50. Na mtu hakujitangazia mwenyewe, ilibidi shirika lililokubaliwa lithibitishe saa zake. Mpwa wangu alizipata zake kwenye ghala la chakula cha msaada, akipanga makopo kila Jumamosi, anasaini akiingia na anasaini akitoka. Nilimfurahia wakati ule na namfurahia hata leo. Kijana aliyeamka asubuhi ya baridi kwenda kupanga makopo ya watu asiowajua anastahili medali yake.

Fomu yangu mimi ilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Ilikuwa 2009, nikiwa kidato cha tano pale mjini Tanga. Mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira alizileta darasani akasema kuna shirika, sitalitaja, linatafuta wanafunzi waliojitolea kwenye jamii, na tuzo zitatolewa Desemba 5, Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, ile iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Fomu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Jina, shule, picha mbili za pasipoti, wadhamini wawili, insha, halafu jedwali: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jumla. Chini ya jedwali kisanduku cha msimamizi wa kazi, kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa juu ni kweli.

Kikundi cha akina mama wa Tongoni ndicho nilichokuwa nikifanya nacho kazi. Kupanda mikoko. Mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga, ulioanza 1994 kwa fedha za Ireland, ulishapita vijijini kueleza kwa nini kamba na samaki wadogo hupotea mikoko ikiisha. Akina mama hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Walikuwa wameshaona mikoko ikigeuka boriti, ikigeuka kuni za kuchomea chokaa, na mingine ikifyekwa kupisha mashamba ya chumvi.

Jedwali lile lilinipa shida tangu mwanzo. Kazi ya mikoko inafuata maji, na maji hayajali kengele ya shule. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3, na hapo ndipo tope la mbali linapobaki wazi na watu wakashuka. Basi karatasi yangu ilisomeka hivi: leo saa 3 asubuhi, kesho saa 4 kasoro dakika 10, keshokutwa karibu saa 5, halafu wiki nzima kimya kwa sababu ni maji mafu, bahari haipwi mbali. Mwalimu aliitazama akasema hii haieleweki, mtu wa ofisini ataona umebuni. Nikaiacha kama ilivyo. Mwezi ndio uliopanga ratiba ile.

Kwenye insha nako alipitisha kalamu nyekundu. Kila nilipoandika "tulipanda" aliandika juu yake "nilipanda". Tuzo ni ya mtu mmoja, alisema. Nikakopi upya, roho ikinisuta kidogo, nikachukua baiskeli ya kaka na kushika njia ya Pangani kwenda kutafuta saini ya msimamizi.

Msimamizi alikuwa Bibi. Mwenyekiti wa kikundi, mwembamba, mrefu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Nilimkuta chini ya mti wa mkungu anasuka ukili. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kipande cha mkeka. Nilipomwonyesha kisanduku na kumwambia nahitaji saini yake au dole, akarudisha mkono nyuma.

"Aka. Mie karatasi ya Kizungu sitii dole."

Nikajua anasema nini. Habari ile pale kijijini haikuwa siri. Miaka ya nyuma alishawekewa karatasi mbele akaambiwa ni mahudhurio ya mkutano. Akatia dole. Baadaye kipande cha ardhi cha marehemu mumewe, kile kilichopakana na mikoko, kikawa shamba la chumvi la mtu mwingine, na yeye mwenyewe akaenda kufanya kibarua cha kukwangua chumvi juu ya ardhi ileile, miaka mingi.

"Nisomee," akasema. "Yote. Na yale maandishi madogo ya chini."

Nikasoma, natafsiri mstari kwa mstari. Wenzake wawili wakasogea. Nilipofika kwenye insha nikaona haya, nikamweleza kwamba mwalimu amenibadilishia, mimi niliandika tulipanda. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika hata kidogo.

"Mwalimu wako kasema kweli. Andika nilipanda. Sisi hatuombi tuzo, sisi tuko hapa. Wewe ndiye unayekwenda na karatasi, mwanangu, ikusaidie."

Nikavuta pumzi, nikaendelea. Nikafika kwenye idadi ya miche: zaidi ya 600. Hapo ndipo aliponisimamisha.

"Hiyo ni tuliyopanda masika. Iliyosimama mingapi?"

"Fomu inauliza iliyopandwa, Bibi."

"Fomu ndiyo inayouliza. Dole ni langu."

Akanyanyuka, akatazama bahari, akasema maji yanapwa, twende.

Mbegu ya mkoko huotea ingali juu ya mti. Hudondoka ikiwa kijiti kirefu cha kijani, wakati mwingine kinapita rula ya shule, na haihitaji kitalu. Unakichomeka theluthi moja kwenye tope, ncha chini, unapiga hatua, unachomeka kingine. Kupanda ni rahisi kiasi kwamba mtoto anaweza. Kuishi ndiko kugumu. Kaa koko wanaikata, mawimbi yanaing'oa kabla haijashika, na kuna yale magamba madogo yenye ncha kali yanayonata kwenye shina mpaka mche unazidiwa uzito na kulala. Watu wa mbali huuliza mingapi imepandwa kwa sababu hiyo ndiyo namba inayopatikana siku ileile.

Tuliingia na soksi kuukuu miguuni, viatu huvutwa na tope na chini kuna maganda ya chaza yanayochana. Bibi alikuwa amechana ukili vipande vyembamba akavifunga kiunoni. Kila mche tuliohesabu tuliufunga kipande, tusiuhesabu tena tukirudi. Alichukua mstari wake nami nikachukua wangu, sambamba, na akawa anahesabu kwa sauti ili wenzake waliobaki juu wasikie. Mche wenye majani haukuwa na mjadala. Mche uliobaki kijiti kitupu, hudhurungi, aliinama akaukwaruza kwa ukucha. Chini ya ganda pakiwa na kijani, hata ukijani mwembamba, anaufunga ukili. Pakiwa pakavu anauacha na kusonga.

Kulikuwa na kona moja karibu na mkondo ambayo nakumbuka nilipanda mimi, peke yangu, asubuhi ya mvua, nikiimba. Nilikuwa nimeifikiria sana kona ile wakati naandika insha. Bibi alifika hapo kabla yangu. Akakwaruza wa kwanza, akauacha. Wa pili. Wa tatu. Nikamwambia tujaribu ule wa pembeni, ule una kama jani. Akaenda, akainama, akakwaruza taratibu zaidi kuliko mingine, akaupindua upande wa pili akakwaruza tena. Kisha akanitazama.

"Huu umekwenda," akasema. "Twende wa mbele."

Hakusema pole. Hakusema neno la kunifundisha. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanaingia kwenye vishimo vya kaa kwa sauti ndogo, na bado tulikuwa na mistari ya kumaliza. Tukamaliza yakiwa magotini. Miche 214. Nikakata zaidi ya 600 kwa kalamu, nikaandika 214, nikatia sahihi pembeni kama mwalimu alivyotufundisha kusahihisha hati.

Kurudi chini ya mkungu, Bibi akanawa mikono kwa maji ya dumu, akaifuta kwa kanga. Nilikuwa nimebeba pedi ya wino ya dukani. Akabonyeza dole gumba la kushoto kwenye pedi, kisha kwenye jalada la daftari langu kujaribu. Likatoka doa jeusi. Hakuna mstari hata mmoja. Akajaribu tena kwa wino mchache, doa. La kulia, doa. Ngozi ya vidole vile ilikuwa imeliwa na ukili na chumvi, imekuwa laini, inang'aa. Wenzake wakanyamaza. Yeye akaligeuza dole lake kwenye mwanga, akalitazama kwa makini, nafikiri hata yeye alikuwa hajawahi kuliangalia hivyo. Halafu akalilaza kwa ubavu, upande wa nje ambako ngozi ilikuwa bado na michirizi, akabonyeza ndani ya kisanduku. Ikatoka nusu duara, mistari mitano sita, wazi kabisa.

"Hilo ni mie," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Fomu ilirudishwa na kikaratasi: msimamizi awe mtu mwenye cheo, na muhuri. Kikundi hakikuwa na muhuri. Mwalimu akanipa fomu mpya na kunielekeza ofisi fulani. Afisa niliyemkuta alikuwa mtu mwema, alinipa kiti, akauliza nasoma mchepuo gani. Aliweka saini na muhuri bila kufungua ukurasa wa pili. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kunoa penseli. Desemba 5 niliitwa jukwaani, nikapewa cheti, begi la shule na fedha kidogo zilizonisaidia nauli na madaftari. Cheti kile kiliniongezea kitu nilipoomba chuo, sitakataa.

Jumamosi ya baada ya hapo nilikwenda nacho Tongoni. Akina mama wakakipokezana kwa ncha za vidole, wakapiga vigelegele. Bibi akaniambia nimsomee. Nikamsomea: jina langu, shule yangu, jumla ya saa.

"Na ile 214 wameandika?"

Hawakuwa wameandika. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Fomu ya kwanza ninayo mpaka leo, ile yenye kikaratasi cha kukataliwa. Nikishiriki kamati yoyote inayogawa zawadi kwa vijana, na siku hizi naitwaitwa, huwa nauliza swali moja kabla ya mengine: nani aliyeona kazi hii kwa macho yake, na jina lake liko wapi kwenye karatasi? Mara nyingi linakuwa halipo. Liko la mkuu wa kitu fulani. Saa zimejumlishwa vizuri, idadi ya wanufaika ina masifuri ya kutosha, muhuri umekaa sawa. Na mimi natakiwa kutoa alama.

Nimebishana na mwalimu wangu kuhusu hili zaidi ya mara moja. Amestaafu, yuko Muheza na michungwa yake, na akili bado kali. Yeye anasema ofisi haiwezi kushuka matopeni kwa kila fomu, muhuri ni njia ya kusema kuna mtu tutakayemshika kesho jambo likiwa la uongo, na bila muhuri ule mimi nisingepanda jukwaa lile. Nakubali. Huko Marekani nako dada ananiambia ilikuwa vivyo hivyo, shirika ndilo lililothibitisha. Ila mimi nasema fomu ingeweza kuwa na visanduku viwili, kimoja cha muhuri na kingine cha aliyeona, awe na cheo au asiwe nacho, ajue kuandika au asijue. Nilipomwambia hivyo mara ya mwisho aliniuliza, hicho cha pili nani angekisoma? Mimi ningekisoma, nikamwambia. Akasema mimi si ofisi. Hapo hatujaelewana mpaka leo.