Kuuza bima mmetushushia, na kulipa tushushieni

Mimi ni wakala wa bima hapa Newala, mkoani Mtwara. Kioski changu kiko jirani na stendi: dirisha moja ni miamala ya simu na uwakala wa benki, la pili ni bima. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda na bajaji, na msimu wa korosho ukikolea wanaongezeka wenye fuso. Karibu wote wanakata bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inayomlipa uliyemgonga au kumharibia mali na si wewe mwenye chombo, kwa kuwa sheria inamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe nayo.

Kuuza siku hizi ni kazi nyepesi. Enzi za stika za karatasi ulikuwa ukiishiwa unasubiri mzigo mwingine, na katikati hapo vishoka wanapita na stika zao bandia. Sasa naingiza namba ya pikipiki, kijana analipa kwa simu, bima inatoka palepale. Trafiki akitilia shaka anahakiki namba hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kampuni ya bima haikupanga jengo Newala, haikuajiri mlinzi wala kununua gari. Kodi ya kioski nalipa mimi, bando nanunua mimi, wao wananipa kamisheni ya nilichouza. Gharama ya makao makuu imepungua kwa sababu kazi imehamia kwangu, na mimi sina kinyongo na hilo hata kidogo.

Tabu inaanza siku kijana anapogonga.

Kuna mama anauza maandazi na chapati karibu na soko. Bodaboda, mteja wangu, alimkwepa mtoto akaingia moja kwa moja kwenye banda lake. Kabati la vioo likaisha, jiko likapinda, mafuta yote chini. Namshukuru Mungu mama mwenyewe alikuwa amesimama pembeni. Polisi walifika, wakachora ramani ya ajali, taarifa ikaandikwa. Mimi nilipiga picha kabla vioo havijafagiliwa, na fundi aliyelitengeneza lile kabati anakaa mtaa wa pili, bei yake kila mtu anaijua. Hasara yote haikufika laki tatu.

Tukapeleka madai. Kampuni ikajibu kwamba lazima mthamini, yaani mkaguzi wa hasara, atoke Dar es Salaam. Hebu fikiria safari hiyo: zaidi ya kilomita 550 mpaka Mtwara mjini, halafu kupandisha huku juu kupitia Mnivata na Tandahimba. Weka nauli, malazi, posho, na ujira wake wa kukagua. Kumleta tu kungekula fedha nyingi kuliko kabati lenyewe. Kwa hiyo hakuja. Ikaja barua ya kutaka nakala halisi, ikaja nyingine ya kutaka risiti ya kabati lililonunuliwa miaka iliyopita, na mama akakata tamaa. Kilichomnyanyua ni kikundi chake cha VICOBA, cha kuweka na kukopa. Walikaa kikao cha wiki, wakafungua sanduku mbele ya wote, kila mshika ufunguo na kufuli lake, wakampa fedha ya mfuko wa jamii. Kesho yake alikuwa anakanda unga.

Lile jambo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu vijana wa kijiweni walikuwa wanatazama. Sasa ukiwagusia bima wanakwambia hiyo ni ya trafiki, ya kupitia barabarani tu.

Ninachokitaka ni hiki: madai madogo yaamuliwe hukuhuku. Kampuni iweke kikomo, tuseme laki tano, na chini ya hapo mthamini asisafiri kabisa. Wakala wa kata nyingine, ambaye hakuuza bima ile na hapati kamisheni yake, ndiye aende kuangalia. Apige picha kwa simu, zikiwa na saa na mahali. Achukue taarifa ya polisi na muhuri wa mtendaji, amuulize fundi bei, atume. Fedha itoke kampuni iende moja kwa moja kwenye simu ya aliyepata hasara. Isipite mkononi mwangu hata shilingi.

Najua watasema mawakala tutaiba. Wizi upo, na katika kazi hii nimewaona watu wa kila namna. Lakini muuzaji hakagui, mkaguzi hagusi fedha, na ofisi ya mkoa inaweza kuchomoa mafaili machache kila mwezi ikaja kuyahakiki bila taarifa. Atakayebainika apoteze usajili wake na kamisheni aliyoiweka dhamana. Mama wa maandazi tunamjua wote hapa. Mtu akidai kabati ambalo hakuwahi kuwa nalo, soko zima litacheka kabla faili halijafika mbali. Mthamini wa Dar atalijuaje hilo?

Tena hata mambo ya afya yalishafika vijijini kwa njia hii. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliandikishwa na watu wa kijijini wenye simu. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapiga picha wanachama na kuwaingiza kwenye mfumo. Nako benki zimetuamini sisi wenye vioski kupokea na kutoa fedha za watu kutwa nzima. Mtu huyohuyo anayeaminiwa kumpa mkulima malipo yake ya korosho, akigeukia dirisha la pili haaminiki kuthibitisha kabati limevunjika?

Sisemi makao makuu yafungwe. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua iliikata barabara ya kusini pale Somanga, magari yakalala huko na huko. Hasara ya namna ile inawapata watu wa mwambao mzima kwa siku moja, na hakuna kikundi wala wakala wa kuibeba. Hapo ndipo panahitajika mtaji mkubwa, na bima ya mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe zinanunua kwa TAN-RE na wengine ili hasara kubwa wagawane. Hiyo ndiyo kazi ya Dar. Ila barabara ilipokatika, kuna mthamini gani angevuka kuja kuangalia bati la mtu Lindi? Wakala wa Lindi alikuwa Lindi.

Akiba itakayopatikana nayo igawanywe kwa haki. Sehemu imlipe wakala mkaguzi kwa kila faili, malipo yaleyale dai likikubaliwa au likikataliwa, asiwe na sababu ya kuegemea upande. Sehemu nyingine ishushe bei kwa mteja asiyedai.

Kwa kampuni iliyo tayari kujaribu, mnada wa kwanza wa korosho kwa kawaida ni Oktoba, na kuanzia hapo barabara zetu zinajaa malori na bodaboda mpya. Njooni Julai au Agosti. Chagueni kata chache za Newala na Tandahimba, bima ya pikipiki tu kwanza. Mawakala wa kutosha wapo, na vijana wa vijiweni nitawaita mimi, mje muwaambie wenyewe kikomo ni kiasi gani na fedha itatoka baada ya siku ngapi.